MWEMBE NA KIVULI: MAELEZO KWA WAKAZI WA KIGOMA NA UJIJI

Miembe ya Ujiji, mji ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ni urithi wa misafara iliyotoka pwani. Kivuli chake ni neema kwa wapita njia, lakini si mahali pa kupandia mche mwingine, ingawa wengi wetu hufanya hivyo.

Mche uliomo kitaluni huhitaji kivuli chepesi cha nyasi au makuti, nacho hupunguzwa kidogo kidogo kabla ya kuuhamisha. Baada ya hapo mwembe hutaka jua kamili. Ukibanwa na michikichi au ukuta, hurefuka ukiutafuta mwanga, na maua yake huwa haba. Tena majani yasiyopata jua na upepo hukaa na unyevu, hata ukungu ukatia madoa meusi maua na matunda.

Mwenye kiwanja chenye kivuli nusu na achague upande unaopata jua mchana mwingi, apogoe matawi yanayouziba, na aache nafasi ya mita 10 baina ya mti na mti. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Aliyeupanda pabaya huigundua hasara muda huo ukiisha kupita. Penye kivuli cha kutwa, magimbi yatafaa zaidi.