Kabla ya Kulipia Safari ya Mlima Hanang

Mkazi wa Babati anayetaka kutembea halazimiki kwenda mbali. Ziwa Babati na viboko wake lipo kando ya mji, Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ipo upande wa kaskazini, na kwenye barabara ya Singida, juu ya Katesh, umesimama Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Aghalabu safari hizi hupangwa kwa maelewano ya mdomo, na hapo ndipo mlaji hupoteza haki yake.

Chukulia kikundi cha vijana sita walioambiwa kuwa bei ya kupanda Hanang na kulala mlimani usiku mmoja “inajumuisha kila kitu”. Wafikapo Katesh wanaelezwa kuwa ada ya kuingia hifadhini haimo, mahema ni ya kukodi, na maji kila mtu ajitafutie. Huko juu hakuna mahali pa kutegemea kuteka maji. Kasoro ya bei imekwisha kuwa hatari ya maisha. Kwa maoni yetu, “kila kitu” si maelezo ya huduma. Mtoa huduma aandike: usafiri, ada, mwongozaji, mahema, chakula, na lita za maji kwa kila mtu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini dai lisilo na maandishi ni gumu kulithibitisha. Hata ujumbe wa simu unasaidia.

Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS); Tarangire ipo chini ya TANAPA. Ada zao hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa dalali. Chukua kitambulisho, kwani kiwango cha raia si cha mgeni.

Kisha uliza kuhusu mvua. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima huo yaliua watu wengi Katesh na vijiji jirani. Makubaliano yaseme nani ataamua kuahirisha safari, na fedha zitarudishwaje. Aliyelipa zote bila kipengele hicho hushawishika kupanda hata wingu likiwa zito, kwa kuchelea hasara.

Ziwani, usipande mtumbwi bila jaketi okozi, wala usipige hema ukingoni: viboko hutoka usiku kula majani.

Huduma ikienda kinyume cha makubaliano, mwandikie kwanza mtoa huduma, ambatisha risiti, na umpe siku za kujibu. Asipojibu, tuletee nakala hizo.