Kagua Baiskeli Kabla ya Mteremko

Mwendesha baiskeli anayetoka mjini Migori kwenda Homa Bay hupita Awendo na Rongo, kisha hukata kuelekea Rodi Kopany na kuteremka hadi karibu na Ziwa Victoria. Barabara hiyo hutumiwa pia na malori, matatu na bodaboda. Ukaguzi wa dakika 10 nyumbani huweza kuokoa maisha.

Breki: Abonyeze breki zote mbili. Kishikio kikigusa usukani, waya umelegea na unafaa kukazwa. Mipira ya breki iliyolika hadi mifereji yake ikapotea ibadilishwe.

Tairi: Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Atoe vigae vya chupa na miiba kabla havijatoboa tyubu.

Kiti: Akiwa ameketi, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma.

Mnyororo: Ufutwe kwa kitambaa kikavu, kila kiungo kitiwe tone moja la oili, kisha oili ya ziada ipanguswe. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini isitumiwe, kwani hubeba uchafu unaolika mnyororo.

Mwisho, avae helmeti na nguo zinazoonekana kwa mbali. Waya uliolegea ukigunduliwa nyumbani ni kazi ndogo ya fundi. Ukigunduliwa mteremkoni, nyuma kukiwa na lori, fundi hawezi kusaidia.