BUNDUKI NZURI NA MOYO WA MWENYE KUITAMANI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwanadamu na wa mnyama wa porini. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, ndugu mmoja alibaki nyuma msikitini. Alikuwa na neno la kuuliza. Amenipa ruhusa nilieleze hapa bila kumtaja, maana alisema: "Baba Imamu, pengine si mimi peke yangu."

Habari yake ni hii. Tangu miaka mitano anaweka akiba ya kumpeleka mama yake Hija. Mama huyo amekwisha kupita miaka sabini. Sasa kuna mtu amemletea bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa. Si ile kalibre 12 ya wawindaji wetu. Hii kitako chake ni cha mti unaong'aa, chuma chake cheusi, darubini juu yake, na risasi yake nene kama kidole. Bei yake ni karibu akiba yote. Akaniuliza: "Je, uwindaji si halali? Nikiua mbogo wawili watatu, makuta si yatarudi, na mama aende mwaka wa kufuata?"

Nikamwambia: Ndugu yangu, uwindaji ni halali. Lakini umegonga mlango usio wake. Hukuja kuuliza juu ya mbogo. Umekuja kuuliza juu ya bunduki.

1. HALALI INA MIPAKA YAKE

Katika Sura al-Maida Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo, na ametuamuru tulitaje jina Lake. Sahaba Adiy bin Hatim alimwuliza Mtume (s.a.w.) maswali mengi juu ya mbwa na mishale. Akafundishwa kwamba kilichochomwa kwa ncha huliwa, na kilichokufa kwa kugongwa na ubavu wa chombo hakiliwi. Na mnyama aliyeanguka majini akafa humo aachwe. Juu ya risasi, maulamaa wengi wa zama za baadaye wameikubali kwa sababu inapenya. Basi piga Bismillahi unapofyatua, na ukimkuta mnyama angali hai, mchinje.

Lakini si kila mnyama mkubwa ni chakula. Simba na chui ni wanyama wa meno ya kurarua, Mtume (s.a.w.) amewakataza. Tembo naye, maulamaa wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafii wamo, wamesema nyama yake hailiki. Basi anayemwua tembo hatafuti mboga ya watoto. Anatafuta pembe, au anatafuta jina. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho shabaha ya mchezo.

2. KUFIKIWA NA KITU SI RUHUSA YA KUKICHUKUA

Katika sura hiyo hiyo kuna jambo wengi hatulitazami. Waumini walipokuwa katika ihramu, Mwenyezi Mungu aliwajaribu kwa mawindo yaliyosogea karibu kabisa, mikono yao na mikuki yao ikaweza kuyafikia. Mtihani haukuwa wa shabaha. Mtihani ulikuwa: nani anamwogopa Mungu pasipo kumwona?

Ndivyo ilivyo kwa ndugu yetu. Miaka mitano hakuwa na feza, wala bunduki haikumjia. Siku akiba ilipotimia, bunduki ikabisha hodi. Tusiseme upesi, "Ni riziki imeniletewa." Pengine ni mtihani uliosogea karibu na mkono.

3. KITU KIZURI HULA WAKATI

Nabii Sulaiman (a.s.) alionyeshwa jioni farasi wazuri wa mbio. Wafasiri wengi wameeleza kwamba aliwatazama mpaka jua likajificha, kisha akajuta, kwa kuwa upendo wa farasi ulimshughulisha na kumkumbuka Mola wake. Huyo ni Nabii, na farasi walikuwa halali yake. Sisi je?

Nami nisijifiche. Nilipokuwa kijana katika chuo cha Qurani, mjomba wangu alikuwa na bunduki ya kizungu. Alinipa niipanguse kwa mafuta. Siku moja nilikaa nayo tangu Adhuhuri; nilipoinua kichwa, adhana ya Magharibi inaita. Alasiri imepita, sikuisali. Hakuna mnyama niliyemwua siku ile. Aliyepatikana mtegoni ni mimi.

4. BUNDUKI HAIISHI KWENYE BEI YAKE

Kwanza, uzuri wa bunduki si uwezo wa muwindaji. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda hata pande za Lado mwanzoni mwa miaka ya 1900, aliua tembo zaidi ya 1000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Simsifu, maana mapori yetu yalimwagwa damu na watu kama hao. Nasema tu kwamba hata muuaji mkubwa wa tembo hakuhitaji bunduki nene. Basi anayesema "bila hii siwezi" aulize moyo wake ni nani anayesema.

Pili, kuna sheria. Kuwinda kunataka kibali kwa sheria ya mwaka 1982, na silaha ina sheria yake ya mwaka 1985. Hifadhi ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016, imeshika pori la Maniema na la Tshopo. Na mwaka 2021 tembo wa msituni aliandikwa duniani kote kati ya wanyama walio karibu kabisa kumalizika. Muislamu hutimiza ahadi. Hajifichi usiku na kitu cha wizi.

Tatu, sisi tulioona vita vya 1996 na vya 1998 mpaka 2003 tunajua: bunduki nzuri haikai na mwenyewe. Mwenye nguvu akisikia iko nyumbani kwako, atakuja kuitaka, na mlango atakaouvunja ni ule wanaolala watoto wako.

Nne, tukumbuke tulikotoka. Uislamu ulifika Kasongo na Nyangwe pamoja na misafara ya pembe. Bunduki zilisemwa kuwa ni za tembo. Lakini tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko la Nyangwe, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza, na wengine wakazama mtoni Lualaba. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Walioshika bunduki zile walikuwa na majina kama yetu. Hilo si la kufichwa. Ni la kutubia na kujifunza.

5. MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA FEZA

Ndugu Waislamu, liwe bunduki, liwe pikipiki, liwe simu ya bei, jiulize haya:

(a) Feza hii niliiwekea nia gani mbele ya Mungu?
(b) Kama hakuna mtu atakayeniona nacho, bado nitakitaka?
(c) Nikifa kesho, nani atafurahi kwamba nilikinunua?

Ndugu yetu alipofika la pili alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Baba Imamu, nilikwisha kujiona ninapita nayo barabarani." Nikamwambia: Umejibu mwenyewe. Mbogo watakuwepo mwaka ujao, Mungu akipenda. Mama yako, hatujui.

Hajaniambia bado ameamua nini. Leo yuko kati yetu katika safu. Tumwombee, na kila mmoja aiombee bunduki yake mwenyewe aliyoificha moyoni.

Ee Mola wetu, tutosheleze na halali Yako, utuepushe na haramu Yako. Usiifanye dunia kuwa hamu yetu kubwa. Wape wazazi wetu umri na afya, utujalie tuwatimizie haki zao kabla hatujawakosa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.