Mbwa barazani Berea: maswali na majibu

Berea imekaa mgongoni mwa kilima kinachoitazama bandari ya Durban. Kwenye Florida Road na mitaa ya jirani, nyumba nyingi za zamani zenye baraza pana zimegeuzwa migahawa, na mwenye mbwa anayetamani kahawa ana njia tatu tu: amfunge kwenye nguzo, amrudishe nyumbani, au aingie naye. Maswali yafuatayo huulizwa na wapenda mbwa, na wanaowaogopa, na wenye migahawa wanaohofia kuwakosa wote wawili.

Sheria ya Afrika Kusini inasemaje?

Inasema machache kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za usafi wa majengo ya chakula, zinazojulikana kwa namba R638, zilitangazwa tarehe 22 Juni 2018. Zinakataza mnyama kuwekwa au kuruhusiwa mahali chakula kinaposhughulikiwa, isipokuwa mbwa anayemwongoza asiyeona, ambaye anaweza kuingia hadi sehemu ya kuuzia na kuhudumia. Utata uko barazani. Kanuni hizo hazikuandikwa kwa kufikiria meza za nje, hivyo mwenye mgahawa anayemkaribisha mbwa pale hana ruhusa iliyoandikwa wala katazo lililo wazi. Anabaki kuombea kwamba afisa afya wa manispaa ya eThekwini atazisoma vizuri siku atakapokuja kukagua. Kwingineko wamekata shauri. California iliruhusu mbwa kwenye meza za nje kuanzia Januari 2015, kwa masharti yanayoeleweka: pawe na njia ya kuingilia isiyopita ndani ya mgahawa, mbwa awe na kamba, asipande kiti, na chakula kisitayarishwe pale alipo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 852 ya 2004, unawazuia wanyama wa nyumbani mahali chakula kinapotayarishwa, kinaposhughulikiwa na kinapohifadhiwa. Ukumbi wa kulia, Ufaransa kwa mfano, huachiwa mwenye mgahawa.

Msimamo wangu uko karibu na wa California. Baraza iruhusiwe kwa maandishi, ukumbi wa ndani ubaki kwa mbwa waongozaji peke yao, na kinachomwingiza mbwa kiwe cheti cha chanjo. Kauli ya bwana wake kwamba "huyu hana neno" haitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Mbwa si mchafu?

Hoja ya uchafu hutajwa kwanza na kila mtu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli matumbo ya mbwa hubeba vimelea kama Salmonella na Campylobacter, hasa mbwa anayelishwa nyama mbichi. Lakini vimelea hao hawaruki kutoka sakafuni hadi kwenye sahani, wanahitaji mkono. Mhudumu akimpapasa mbwa kichwani kisha akabeba mkate bila kunawa, kosa liko mikononi mwake, na dawa yake ni sabuni. Norovirusi, inayowaharisha na kuwatapisha walaji duniani kote, huenezwa hasa na binadamu wenyewe, na hakuna aliyependekeza binadamu wafungwe nje kwenye nguzo.

Sababu ya kweli ya kuuacha ukumbi wa ndani bila mbwa ni mzio. Protini zilizo kwenye mate na magamba ya ngozi ya mbwa hunata kwenye mapazia na vitambaa vya viti, zikabaki muda mrefu baada ya mbwa mwenyewe kuondoka. Mwenye pumu anayeingia saa mbili usiku hana namna ya kujua nani alilala chini ya meza ile mchana. Barazani upepo wa bahari unasaidia, na mwenye pumu humwona mbwa kabla ya kuketi.

Kwa nini cheti cha chanjo kwanza?

Kwa sababu hii ni KwaZulu-Natal. Kwa miongo kadhaa jimbo hili limekuwa kitovu cha kichaa cha mbwa nchini Afrika Kusini, na kuanzia mwaka 2021 ugonjwa ulipanda tena, eThekwini ikiwemo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa hafi kwa bahati mbaya. Kupona ndiko kwa bahati, tena nadra mno. Chanjo ya mbwa ni lazima kisheria: mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa ndani ya mwaka, kisha kila baada ya miaka mitatu. Mwenye mbwa wa Berea anayetii sheria tayari ana karatasi hiyo kabatini. Kuombwa aionyeshe hakumwongezei mzigo.

Kuna anayejibu kwamba mbwa wa Berea wanaishi nyuma ya kuta na kwenda kwa daktari, na kwamba virusi viko kwa mbwa wazururaji wa kwingine. Nusu ya jibu hilo ni sahihi. Virusi hustawi palipo na mbwa wengi wasiochanjwa, na mara nyingi hapo ni pale ambapo watu hawana pesa ya daktari wa mifugo. Lakini Cato Manor, mtaa wa namna hiyo, uko bondeni, upande wa pili wa kilima hikihiki, na mbwa hawasomi ramani. Kinachokata mnyororo ni kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, wenye kola na wasio na kola. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana ushahidi wa karibu. KwaZulu-Natal na kusini mashariki mwa Tanzania zilikuwa pamoja katika mradi mmoja wa chanjo uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za wakfu wa Gates. Huko Pemba chanjo za mbwa zilianza mwaka 2010, na ugonjwa ukatoweka ndani ya miaka michache. Baadaye ukarejea, ukalazimu kampeni nyingine. Kwa hiyo cheti mlangoni kinamlinda mlaji wa baraza moja, na kampeni ya bure mabondeni inawalinda walaji wa mji mzima. Anayedai la kwanza na kupuuza la pili anajilinda nusu.

Mbwa mwenye adabu si inatosha?

Adabu ya mbwa hupimwa nyumbani, ambako hakuna kinachomshtua. Mgahawani mhudumu humtokea kwa nyuma akiwa na trei, kipande cha nyama huanguka, mtoto wa miaka mitatu humjia uso kwa uso, na chini ya meza ya pili kuna mbwa mwingine. Mbwa hutoa ishara kabla ya kung'ata: hugeuza kichwa pembeni, hujilamba midomo bila chakula, hupiga miayo, kisha mwili hukakamaa. Mwenye mbwa aliyezama kwenye simu hazioni, na mtoto hajui kuzisoma. Ndiyo maana kamba fupi inayoshikwa mkononi ina maana kuliko sifa za mbwa mwenyewe, na kamba zile ndefu zinazojikunja zenyewe zisiruhusiwe kabisa kwenye meza.

Sheria nayo iko upande wa aliyeng'atwa. Mahakama za Afrika Kusini zimerithi kanuni ya Kirumi inayomtwika mwenye mnyama dhamana hata asipokuwa na uzembe. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Rufaa ilikataa kuilegeza, katika shauri la mtu aliyepoteza mkono baada ya kushambuliwa na mbwa watatu Jeffreys Bay. Mwenye mbwa alijitetea kwamba huenda mtu mwingine alifungua geti. Haikumsaidia.

Na Waislamu wa Durban?

Ni wengi, na Overport, mtaa wao mmojawapo, uko hapo hapo kilimani. Madhehebu hayasemi jambo moja: Wamaliki hawamhesabu mbwa kuwa najisi, ilhali kwa Washafi chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Washafi wamo mjini humu, wakiwemo Wazanzibari wa Durban, wazao wa watumwa walioachwa huru na kuletwa hapa kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Ukisikiliza vizuri, hoja yao inahusu vyombo zaidi ya kuonekana kwa mbwa. Mgahawa unaompa mbwa maji kwenye bakuli la supu umevunja imani ya mteja aliye ndani, hata kama mbwa hakuvuka kizingiti. Mbwa aje na bakuli lake.

Je, huu si mtindo wa Wazungu tu?

Jacob Zuma alilisema hilo hadharani akiwa rais, Desemba 2012, huko Impendle: kwamba kununua mbwa, kumtembeza na kumpeleka kwa daktari ni mambo ya utamaduni wa Wazungu. Kihistoria si kweli. Wazulu wamewinda na kuchunga na mbwa tangu kabla ya meli za Wazungu, na mbwa wa asili wa kusini mwa Afrika ana jina lake, Africanis. Lakini aliyecheka kauli ile na kuishia hapo hakufikiria sana. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi, ya enzi za ubaguzi wa rangi, Berea ilitengwa kuwa makazi ya Wazungu, na mbwa aliyekutana na Mwafrika getini alifugwa amzuie. Mnamo Novemba 2000 televisheni ya taifa ilionyesha mkanda wa polisi wakiwachochea mbwa wawararue wahamiaji wa Msumbiji. Mtu anayeshtuka akimwona mbwa mkubwa kwenye meza ya jirani si mshamba, na haki yake ni kujua mapema: kibao mlangoni, na meza nyingine nzuri ndani, isiyo ya karibu na choo.

Bustanini je?

Huko hatari ni kinyesi. Durban ina joto na unyevu, mazingira yanayowafaa viluwiluwi wa minyoo ya safura, ambao hupenya ngozi ya mguu mtupu. Anayepigania mbwa kuingia mgahawani, na hana mfuko mkononi anapomtembeza, ameanzia mwisho.

Mwenye mgahawa aanze na nini?

Amwandikie afisa afya kwanza, kabla ya kuweka kibao, na ahifadhi jibu pamoja na cheti chake cha usafi. Kisha atenge meza za ukingoni mwa baraza zinazofikiwa kwa ngazi za nje, aamue mapema nani kati ya wahudumu hatagusa mbwa kabisa, na awape wote mamlaka ya kumwambia mteja aondoke na mbwa wake bila kusubiri meneja. Mbwa mwongozaji yuko nje ya masharti yote hayo ya meza na ngazi. Kumrudisha mlangoni ni kumkatalia bwana wake macho yake, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2000 inauhesabu ubaguzi wa namna hiyo kuwa kosa.