Mishono imesawazika, maua bado yamepinda

Dada yangu wa Columbus, Ohio,

Pole. Umeweka akiba mwaka mzima, ukanunua cherehani yenye kisawazisha mishono, halafu maua kwenye kwilti ya harusi ya binti yako yametoka kama viazi. Juu ya hayo, kina mama wa kikundi chenu wanasema kutumia kifaa hicho ni kudanganya.

Tuanze na viazi. Ukishusha meno ya cherehani ili ushone ukizungushazungusha, hakuna tena kinachovuta kitambaa ila mikono yako. Mkono ukikimbia, mishono inarefuka, ukisita, inarundikana. Kisawazisha kinasoma mwendo wa kitambaa (kile cha Bernina kina jicho dogo mguuni, mithili ya mausi ya kompyuta) kisha kinaharakisha au kupunguza mota ili kila mshono ubaki, tuseme, milimita 2.5. Kazi yake imeishia hapo. Ua hakilijui wala jani hakilijui. Kabla hujagusa kitambaa, chukua penseli uchore ua lile lile karatasini bila kuinua mkono, mara ishirini, hadi kiwiko kilizoee.

Vile vinyuzi ulivyoviona upande wa chini, kama kope, navyo si kosa la kifaa. Kwenye mapindo mikono huongeza kasi yenyewe, sindano inavutwa pembeni, na uzi wa juu unaburutwa chini. Punguza mwendo hapo. Kifaa kikilia, ujue umekishinda mbio. Ikiwa kope bado zipo, kaza uzi wa juu kidogo na ubadilishe sindano. Namba 90 hufaa.

Na vifundo kwenye ncha za majani? Nadhani umekiacha kisawazisha kwenye hali yake ya kwanza, ambamo sindano hudunda polepole hata kitambaa kikiwa kimetulia. Ukitaka kuwaza uelekee wapi, ondoa mguu kwenye pedali kwanza. Au tumia hali ya pili: kitambaa kikisimama, sindano nayo inasimama.

Kuhusu kudanganya, waulize kina mama hao kama wao wanashona kwa mkono. Jirani zenu wa Paducah, Kentucky, walishayapitia haya: mwaka 1989 Caryl Bryer Fallert alitwaa tuzo kuu ya maonyesho ya kwilti pale kwa kazi iliyoshonwa kwa mashine, ya kwanza kuipata, na walionung'unika hawakukosekana. Leo kwilti za mashine hushinda na watu wanabishana kuhusu rangi tu. (Mimi ningewapelekea maandazi na kubadilisha mazungumzo.)

Sasa kata vipande vya sentimita 40 kutoka mabaki yako, weka pamba katikati, ushone kimoja kila jioni. Ya harusi iache kabatini mpaka vipande hivyo vifike kumi.