Somo la Kiingereza: Neno "fair"



Wengi wetu hutafsiri katika mikutano ya upatanishi au husoma ripoti za Kiingereza. Leo tunajifunza neno "fair". Likitafsiriwa vibaya, pande mbili zinaweza kuagana zikiamini zimepatana, kumbe kila upande umesikia lake.

1. Fair: -a haki

"A fair judge" ni hakimu asiyependelea upande wowote. "A fair price" ni bei isiyomuumiza muuzaji wala mnunuzi. Uchaguzi ulio "free and fair" ni uchaguzi huru na wa haki.

Lakini tuangalie: haki si sawasawa kila mara. Tuseme jamaa moja ina watu 3, nyingine ina watu 9. Kila jamaa ikipewa gunia 1 la unga, mgawanyo huo ni "equal", yaani sawa. Wenye watu 9 watauliza kama ni "fair". Kwa hiyo, mtu akisema "a fair share of the land", tusitafsiri "sehemu zilizo sawa". Tuseme "sehemu inayomstahili kila mmoja", kisha wenye shamba wajadiliane ni ipi. Kwa Kifaransa ni "équitable", si "égal". Hata Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 10, linataja mambo yote mawili: usawa wa watu, na kesi kusikilizwa kwa haki.

2. Fair: -a wastani

"The road is in fair condition": barabara si nzuri sana, si mbaya sana. Hapa hatuzungumzii haki.

Neno "fairly" nalo lina njia mbili. "They were treated fairly": walitendewa haki. "The village is fairly calm": kijiji kimetulia kiasi. Ni kiasi tu! Anayeelewa kwamba kimetulia kabisa anaweza kuwaambia waliokimbia warudi kabla ya wakati.

3. "Fair enough"

Maana yake: "Haya, hoja yako nimeielewa." Msemaji amekubali hoja hiyo moja. Tusiandike kwamba amekubali mapatano yote.

Zoezi

Tafsirini:
a) The chief was fair to both families.
b) Security in the area is fair.

Mkiwa na shaka, mwulizeni msemaji kabla ya kutafsiri: unamaanisha haki, sawa, au wastani? Kuuliza si aibu.