Nakala ya Amana Isilale Chumba Kimoja

Ndugu katika imani, anayesimamia seva ya jumuiya amebeba amana: majina ya wanachama, hesabu za michango, kumbukumbu za mikutano.

Mfumo wa faili wa ZFS, ulioundwa na Sun Microsystems, hupiga snapshoti, yaani picha ya data kama zilivyo wakati huo. Data mpya huandikwa mahali pengine kwenye diski, na ya zamani iliyomo katika snapshoti haiguswi. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, utaipata.

Lakini snapshoti hukaa kwenye diski zile zile. Seva ikiungua au kuibwa, vyote vimekwenda. Kwa hiyo itume mbali kwa njia ya SSH: amri ya zfs send huitoa, na zfs receive huipokea kwenye seva ya mji mwingine. Mara ya kwanza hutumwa data zote. Baadaye, kwa kuongeza -i, hutumwa mabadiliko tu. Usifute snapshoti ya mwisho iliyotumwa, maana ndiyo msingi wa ijayo.

Kila mwezi jaribu kurudisha faili moja kutoka huko. Siku ya msiba si siku ya kujifunza. Tawakkul haimwondolei mtu wajibu wa kufunga mlango.